Namna Nilijifunza Kamyo ku Gare ya Kolwezi

Perimi, ile karatasi ya ruhusa ya kuendesha kamyo, nilipata mbele ya kujua kuendesha kamyo. Musicheke. Ile wakati bitu byote kwetu bilikuwa binatembea na kichwa chini, miguu yulu. Kampani mukubwa ya mukuba, ile shaba yetu, ilikuwa inakufa, baba yangu alikuwa anaenda ku kazi kila asubui kuangalia namna inakufa, kisha anarudia ku nyumba kutuelezea. Mutu wa kutoa baperimi alikuwa anapenda kuku. Mama yangu alikuwa na kuku mbili. Njo vile nikakuwa shofere.

Mama aliangalia ile karatasi, akaigeuza nyuma na mbele.

"Zile kuku zilikuwa zinataga," anasema. "Na we utataga nini?"

"Nitataga bunga, mama. Mangunia na mangunia."

"Utataga mpaka mwisho wa mwezi. Kama sioni kazi, unaenda Lubudi."

Lubudi ni kwa muyomba yangu, ndugu ya mama. Alikuwa na mashamba ya mihogo yenye haina mwisho, na jembe moja yenye alikuwa anasema ni yangu. Nilienda kule siku moja nikiwa mu masomo ya primeri, juma moja tu. Nilirudi na mikono sawa matako ya nyani. Mi ni mutu wa kukaa. Mungu alinipatia matako mazuri ya kukaa ku volan, ule usukani, sasa juu ya nini nikainame na jembe? Basi ilikuwa wazi: kamyo ao jembe. Mwisho wa mwezi ilibakia siku kumi na mbili.

Kulikuwa nyumba moja ya transport, kampani ndogo yenye ilikuwa inabeba bunga na chumvi mpaka Fungurume. Ilikuwa inatafuta bashofere, na ilisema itabapima mu juma yenye kufuata. Bashofere yao ya zamani bote karibu balikuwa batu ya Kasai, jimbo ingine ya mbali, na batu ya Kasai balikuwa banafukuzwa. Batu benye balizaliwa hapa Musonoi, cité yetu, mutaa moja ya Kolwezi, benye tulibatizwa nabo na mayi ya ndoo moja, siku moja banasikia: muende kwenu. Kwenu wapi? Bengine ile Kasai hawakuionaka hata ku picha. Balikuwa banalala ku gare ya treni na magodoro na masufuria, banangojea treni. Na treni ilikuwa inakuya siku yenye inapenda yenyewe.

Mumoja kati yabo alikuwa jirani yetu, ukuta na ukuta. Alikuwa ameendesha kamyo ya ile nyumba ya transport myaka kumi na saba. Kamyo ya kijani, batoto yote ya cité tulikuwa tunaijua ku kikohozi. Nikasema, basi mwalimu yangu ni ule. Nikachukua mukate moja, nikafunga safari.

Bakamarade yangu balikuwa banakaa pa kona, kazi yabo kuangalia batu.

"We! Unaenda wapi na mukate? Unaenda kupanda treni na bo?"

"Naenda kuomba binti ya mutu," ninabajibu. "Mwe mutabakia kuoa mbuzi."

Ku gare nilikuta muzee anakaa yulu ya kofre yake, ile sanduku ya nguo, kofia ku kichwa, sawa mutu mwenye treni yake itakuya mu dakika tano. Alikuwa pale juma ya tano.

"Jambo, tata."

"Jambo, mwana. Ulikuya kutuaga?"

"Apana, tata. Nilikuya kuchukua kazi yako."

Bibi yake aliacha kukoroga bukari, ugali yetu. Mi nikaona nimefunga mulango na kidole iko ndani. Kisha muzee akaanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Mama, unasikia? Huyu angalau anapiga hodi! Bale bengine balichukua nyumba yetu bila hata kusema jambo." Akapanguza macho. "Unajua kuendesha?"

"Niko na perimi."

"Sikukuuliza juu ya kuku."

Alijua. Kolwezi nzima ilijua.

Tukaanza kesho yake asubui. Volan ilikuwa kifuniko ya sufuria mukubwa. Mapedale ya kukanyaga ilikuwa matofali tatu. Fimbo ya kubadilisha vitesi, ile gia, ilikuwa muti ya kutwangia sombe, majani ya mihogo, umesimama kati ya magodoro mbili. Bibi ya muzee alitoa sharti moja tu: "Ile kifuniko ni ya bukari. Saa sita nairudisha." Basi kila siku saa sita kamyo yetu ilikuwa inaachana na volan yake, hata kama tuko mu mulima.

Motere ilikuwa kinywa yangu. Nilikuwa naunguruma mpaka mate inaruka. Na bamama benye balikuwa banangojea treni balianza kuya kukaa nyuma yetu yulu ya mizigo yabo, kwanza wawili, kisha kumi.

"Shofere, polepole, niko na mimba!"

"Shofere, simamisha, mutoto anataka kukojoa!"

"Shofere, umeponda mbuzi ya batu! Unakimbia? Rudia ulipe!"

Kulikuwa na koko moja, mama muzee kabisa, macho yake ilikuwa haioni tena muzuri. Kila mara anauliza: "Tumefika Fungurume?"

"Bado, koko."

"Endesha basi, mwana. Hapa kunanuka."

Treni yabo ilikuwa haiende. Yangu angalau ilikuwa inatoka kila asubui.

Sasa musikie kitu moja. Shofere wa kwetu akikufundisha kamyo, hakufundishi kamyo. Anakufundisha kamyo *yake*. Myaka kumi na saba muzee alikuwa mu ile kamyo ya kijani tu, na ile kamyo ilikuwa na magonjwa sawa hospitali. Ye alinipa magonjwa yote sawa ni sheria ya barabara. Mulango, unaufungua na goti. Mbele ya kuwasha, unapiga ngumi mbili kushoto ya klaksoni, ile honi, kisha unangojea. Kiasi gani?

"Kiasi ya Baba Yetu moja," anasema. "Mwe ni bakatoliki?"

"Ndiyo, tata."

"Muzuri. Ya baprotestanti iko na mukia murefu, banafika ku 'ufalme na nguvu', motere imeshazama na mafuta. We geuza funguo pa 'maovuni'."

Kutia vitesi ya pili, lazima uanze kuipeleka ku ya ine, kisha uirudishe haraka, sawa unaidanganya. Na freni ya kusimamisha unakanyaga mara tatu: ya kwanza ni ya kuomba, ya pili ni ya kulia, ya tatu njo inakusikia. Mi niliandika byote mu kichwa. Kwa mi, kamyo zote za dunia zilikuwa vile. Nilifikiri hata Bazungu ku Ulaya banapiga Baba Yetu mbele ya kuwasha.

Siku ya kupimwa tukajikuta batu tano mu parsele, kile kiwanja ya ile nyumba ya transport. Mumoja, mukubwa sawa kabati, alivaa magant ya ngozi ku mikono na miwani ya jua. Nikamuona ule, nikaanza kusikia harufu ya mihogo ya Lubudi. Shefu wa kupima alitoka mu biro na shemizi nyeupe, kravati ku shingo, biki tatu mu mufuko. Nyuma yake kukasukumwa kamyo ya kupimia.

Kijani.

Ile, yenyewe. Mi nikapiga alama ya musalaba.

Mutu ya magant akapanda wa kwanza. Yaani, alitaka kupanda. Mulango ulikataa, akapitia ku dirisha, miwani ikaanguka. Akageuza funguo: kimya. Akageuza tena: kamyo ikapiga chafya moja, ikalala. Wa pili vile vile. Wa tatu na wa ine baliwasha na kusukumwa, lakini vitesi ya pili ilibakatalia, motere ikafa pa mulango wa parsele. Shefu alikuwa anaandika, anaandika.

Nikakuya mi. Goti ku mulango: ikafunguka. Ngumi mbili kushoto ya klaksoni. Kisha nikafunga macho, nikaanza: "Baba yetu uliye mbinguni..."

"Unafanya nini mule?" shefu analalamika.

"Naomba, shefu."

"Hata hajaendesha, anaanza kuomba!"

Pa "maovuni" nikageuza funguo. Kamyo ikakohoa, ikatetemeka, ikawaka. Mi mwenyewe nilishtuka sana, nikaendelea kuunguruma na kinywa, juu ya kuzoea. Tulikuwa motere mbili tunaunguruma, mi na ye. Nikadanganya vitesi ya pili, akakubali. Nikatoka na mulango wa parsele, nikazunguka soko ndogo, mama moja wa nyanya akanitukana mpaka ku babu yangu, nikarudia. Shefu alikuwa anasimama kati ya njia na karatasi yake. Nikaomba, nikalia, freni ikanisikia kwa ya tatu. Kati ya kamyo na kravati ilibakia urefu wa mukono. Shefu alikuwa amefunga macho. Nazani na ye alikuwa anaomba.

Nikashuka. Akauliza na sauti ndogo: "Nani alikufundisha bile bitu?"

Ile wakati, kusema uko na rafiki wa Kasai ilikuwa sawa kusema uko na upele: batu banarudi nyuma hatua mbili. Ningeweza kusema ni kipawa, nilizaliwa nayo. Kinywa yangu inajua kudanganya kuliko ile vitesi. Lakini nikaona kile kifuniko ya bukari, na bamama yulu ya mizigo.

"Ni shofere wenu mwenyewe," nikasema. "Iko ku gare, analala chini."

Shefu akarudisha mu mufuko ile biki yenye ilifuta jina ya muzee ku kazi.

"Kesho saa mbili," akasema. "Utairudisha nyuma, uiingize mu garaji. Ukigusa ukuta, nisikuone tena. Usipogusa, kazi ni yako."

Kurudisha nyuma! Hatukufundishana kurudi nyuma hata siku moja. Bamama benyewe balikuwa nyuma yangu. Ningerudi nyuma, ningeponda nani?

Nikakimbia mpaka ku gare, na pale nikakuta ile siku treni imependa kuya. Batu balikuwa banaingia ku madirisha sawa nyuki. Muzee alikuwa nusu ndani, nusu inje, bibi yake anamusukuma na kichwa ku matako.

"Tata! Kurudi nyuma! Ile kamyo, inarudi nyuma namna gani?"

"Mwana, hauone niko napanda treni?"

"Kesho saa mbili, tata! Ao naenda Lubudi!"

Akaingia, akageuka, akatoa kichwa ku dirisha. Kofia alikuwa nayo.

"Hairudi," akasema. "Vitesi ya nyuma ilikufaka zamani. Mi nilikuwa nazunguka tu. Mu garaji, batu balikuwa banaisukuma."

Mi nikashika kichwa. Treni ikapiga filimbi. Muzee akafikiri kidogo, kisha akainama karibu na masikio yangu.

"Tafuta batu kumi, baisukume ku pua, irudi nyuma. We ukae bila vitesi, ushike volan. Motere iwake, ao volan itakuwa nzito. Na sikia muzuri: shefu mwenyewe asukume. Kushoto, pa radiateri. Kama ye haiko kushoto, ile kamyo haiendi."

"Juu ya nini, tata?"

"Njo ugonjwa yake."

Treni ikaruka mbele na nguvu, masufuria ikalia ndani yote. Nikasikia sauti ya ile koko: "Huyu shofere wa leo hajui kuendesha! Bamurudishe ule kijana!" Bamama bakacheka. Nikakimbia na bo mpaka pa mwisho ya simenti, kisha hakukuwa tena pa kukimbilia.

Kesho saa mbili nikapiga ngumi mbili, nikasali, nikawasha. Kisha nikashuka.

"Shefu, ili irudi nyuma natafuta batu kumi."

Bakakuya bale bane tuliopimwa nabo, na batu ya garaji. Mutu ya magant akavaa magant yake.

"Na we, shefu. Kushoto, pa radiateri."

"Mi?"

"Shefu, mi sikuitengeneza. Ni ugonjwa yake."

Jana alikuwa ameona ile kamyo inakubali sala. Angebisha na nini? Akakunja mikono ya shemizi, akaweka kravati mu bega, akainama. "Moja, mbili!" Kamyo ikaanza kurudi nyuma polepole. Na ile radiateri, kushoto, ikamutapikia: mayi nyekundu ya kutu, ya moto kidogo, ku shemizi, ku kravati, ku biki zote tatu. Akapiga kelele lakini hakuachilia. Mi nikashika volan sawa kifuniko ya bukari, macho ku ukuta wa huku, macho ku ukuta wa kule, mpaka matako ya kamyo ikaingia mu garaji yote. Hakuna ukuta wenye uliguswa.

Shefu alikuya kwangu, nyekundu sawa njia ya Musonoi wakati wa mvua. Akanipa karatasi yenye kulowana.

"Andika jina yako."

Jioni mama alipokea ngunia ya kwanza ya bunga, akaipapasa sawa mutoto. Muyomba yangu tukamutumia barua: ile jembe itafute mutu mwingine.

Tangu ile siku, kila mara kamyo inatoka Fungurume na inapashwa kuingia mu garaji, tulikuwa tunaita shefu. Alikuwa anakuya na shemizi ya zamani, anaenda kushoto.

Siku moja alisafiri Lubumbashi. Mvua ilikuwa karibu, bunga iko ndani ya kamyo, haiwezi kulala inje. Tukasukuma tu, batu kenda, kushoto hakuna mutu. Kamyo ikaingia mu garaji bila taabu yoyote.

Mutu ya magant, mwenye balimuandika kazi mu garaji juu ya nguvu yake, akasema polepole: "Kumbe inaenda."

"Leo tu," nikamujibu. "Shefu anarudi kesho. Tutamuita."

Na tukamuita.