Mama Aliyepuliza Kioo

Ningekuwa natunga, ningetunga kitu cha kunipa sifa. Hiki hakinipi sifa yoyote, lakini kilinipata, tena mchana kweupe, hapa Makanyagio, Mpanda.

Natengeneza sanamu kwa mirija ya vioo, ile ya mabango ya neon yanayowaka rangi usiku. Kazi nilijifunza Dar, kwenye karakana ya mabango. Wateja walipoisha nikarudi Mpanda, na sasa nakunja mirija hiyo kuwa maumbo yasiyofanana na mtu wala mnyama. Unapasha kioo kwenye moto wa gesi mpaka kilegee, unakikunja huku ukipuliza kwa mpira mwembamba uliochomekwa kwenye kioo, ncha yake umeibana mdomoni, kisije kikabonyea. Kuwaka ni baadaye: unatoa hewa, unaingiza gesi ya neon, unaziba, unaunga umeme.

Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika toka asubuhi. Saa kumi akaingia mama mmoja wa makamo, kitenge cha kijani, miguu ina vumbi. Akaangalia kazi zangu bila kucheka, na niamini, wengi hucheka.

"Mwanangu, naomba leo nipulize mimi."

Kwa nini nilikubali? Sijui. Nikampa mpira, nikaanza kukunja. Ilichukua kama robo saa, na muda wote huo hakuvuta pumzi hata mara moja. Nilikuwa namtazama. Pumzi ilitoka tu, taratibu, haikatiki. Nilipokitoa kioo motoni kikabaki kinawaka chekundu kwa ndani, mwanga umetulia. Hakuna gesi ndani, hakuna waya.

"Mpelekee mdogo wangu Sesilia, kijijini Litapunga, jirani na kanisa," akasema, akatoka. Mimi nikachukua mpira uleule nikaendelea na kazi nyingine.

Kesho yake nikapanda bodaboda, sanamu nimeifunga kwenye blanketi. Nilimkuta Sesilia anaanika mpunga. Nilipomweleza aliyenituma, kitenge na yote, akakaa chini palepale kwenye turubai.

"Kaka, dada yangu alikufa mwaka juzi. Pumu. Alifia mikononi mwangu akitafuta pumzi."

Nikafungua blanketi. Kioo bado kiliwaka. Sesilia akaweka sikio kwenye ncha iliyo wazi, akasikiliza muda mrefu, machozi yanamtoka.

"Anapumua vizuri," akasema.

Nikamuuliza kama niizibe ile ncha. Akakataa.

Sanamu iko kwake mpaka leo, inawaka, nenda ukaone. Aliyebaki na shida ni mimi. Sikuwahi kuumwa pumu maishani, lakini tangu niupulize tena mpira ule hakuna siku inayopita kifua hakijanibana, nikakaa nahangaikia hewa. Nimepimwa, wakasema mapafu ni mazima. Yule mama simlaumu, nadhani hakukusudia. Ila wewe unayefanya kazi ya kupuliza, iwe kioo, iwe tarumbeta, usimpe mgeni kifaa chako cha mdomoni. Na ukishampa, mwache aondoke nacho.