Shajara ya Msichana wa Msituni

Leo, katika maktaba ya Hässelby, nimefungua kitabu kikuukuu, na harufu ya karatasi zake imenirudisha darasani, mwaka wetu wa kwanza Sweden. Mwalimu alitusomea shajara ya msichana wa zamani, aliyehamia msituni na wazazi wake kufyeka shamba. Aliandika juu ya uji, baridi na mbuzi aliyepotea.

“Hakukumbuka kwao?” niliuliza.

Mwalimu alipekua kurasa. “Hajaandika popote.”

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mama. Aliacha kukoroga maharage. “Pengine alijua mama yake anaisoma,” alisema, “akaogopa kumliza.”

Jioni hiyo nilichukua daftari langu la Kiswidi, nikaandika kwa Kiswahili: Nimemkumbuka bibi. Kisha nikaliacha wazi mezani, karibu na kikombe cha mama.