Siku Niliyokimbia Mpaka Waa

Mimi si mwanariadha, na sikuwa hata siku moja. Kabla ya kuugua nilikuwa nikifanya kazi na baba kwenye tanuu la chokaa huko Bofu, na mbio zangu zote zilikuwa za kuwahi feri. Kwa hiyo watu waliposikia nimejiandikisha kukimbia kutoka kivukoni Likoni mpaka Waa na kurudi, maili kumi na tano, walicheka wakashika mbavu. Mmoja aliniuliza kama nimeshaandika wasia. Nikamwambia nimeandika, na yeye hayumo.

Walikuwa na haki ya kucheka. Nilikuwa nimetoka wodi ya kifua kikuu miezi minane tu nyuma, baada ya kulazwa mwaka na nusu, nikidungwa sindano kila siku hadi nikakosa pa kukalia. Aliyelala kulia kwangu alitoka amefunikwa shuka, na wa kushoto vivyo hivyo. Mimi nikatoka kwa miguu yangu. Hata leo sijui kwa nini mimi.

Lakini nilijua ugonjwa wangu umekwenda kwa nani. Ulikwenda kwa mdogo wangu wa kike.

Mama yetu alikuwa ameshafariki, na aliyetulea ni shangazi. Nilipoanza kukohoa, shangazi alinitengea sahani na kikombe, na chakula kikipakuliwa siitwi tena kwenye sinia. Simlaumu. Ila kwetu sisi, tuliozoea kula mikono yote pamoja, kutolewa kwenye sinia ni jambo zito, linamfanya mtu ajione kama mzigo ndani ya nyumba ya baba yake. Mdogo wangu hakulivumilia. Alikuwa na miaka kumi na saba na kichwa kigumu kama changu. Alikuwa akingoja shangazi aende kuchota maji, kisha anaingia chumbani kwangu, anafunga mlango, anaivuta sahani yangu na kula makombo yote, huku akinitazama machoni ili nione haniogopi.

"Wali wako mtamu kuliko wetu, kaka," alikuwa akisema.

Nami nilimwacha. Nilifurahi, wallahi, kwa sababu ndiyo saa pekee ya siku niliyojiona mtu. Baadaye daktari alinieleza kwamba ugonjwa hupita kwa hewa, si kwa sahani. Labda alidhani ananipunguzia mzigo. Lakini ile hewa ya chumba kilichofungwa ilikuwa yangu mimi.

Nilipotoka wodini, haukupita muda akaingia yeye. Upande wa wanawake vitanda vilikuwa vimejaa, akawekwa chini, juu ya mkeka kati ya vitanda viwili, sakafu ya saruji, na msimu ule ulikuwa wa mvua. Hapo ndipo kamati ya watu wa Likoni ilipotangaza mbio za kuisaidia wodi ile. Kila mkimbiaji alipewa karatasi azunguke nayo, na watu wakaandika ahadi zao: huyu blanketi, yule godoro. Sharti lilikuwa moja. Ukifika mwisho, ahadi zinatolewa. Ukiishia njiani, karatasi yako inachanwa. Mwenye duka mmoja wa Timbwani aliandika kwangu vitanda viwili vya chuma. Alinitazama kuanzia utosini mpaka miguuni kabla ya kuandika, na nadhani aliona hatavitoa kamwe. Kimoja kati ya vitanda vile nilikwishampa mdogo wangu moyoni.

Jioni ya kuamkia mbio nilikwenda kumwona. Wageni tulisimama nje ya dirisha lenye wavu. Alikuwa amekonda sana, lakini ulimi haukukonda.

"Kaka, ukianguka, anguka mbali huko. Usituaibishe hapa Likoni."

"Sianguki. Kesho utalala kitandani."

"Basi kimbia upesi, mgongo waniuma," akasema, akacheka, na kile kicheko kikamletea kikohozi hadi muuguzi akaniashiria niondoke.

Asubuhi tulipanga mstari pale kivukoni tangu saa mbili, tukasimamishwa juani hadi karibu saa nne, kwa sababu kila aliyepewa nafasi ya kusema alitaka kutaja uhuru unaokuja. Nilichukia. Nilikuwa na uhuru wangu mmoja tu niliokuwa nikiutafuta, na ulikuwa na miguu minne ya chuma.

Tulipoachiliwa, vijana walinipita kwa fujo. Mimi nilikwenda mdogo mdogo, nikikimbia hatua mia na kutembea hatua hamsini, nikisikiliza kifua kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Njia nzima watu walikuwa wakipiga vigelegele. Pale Ngombeni palikuwa na ngoma, na mama mmoja muuza machungwa, aliyenijua tangu utoto, alinitia kipande mdomoni.

"Wewe mifupa, angalia upepo usikuchukue!" akanitania, na wote wakaangua kicheko.

Kabla sijafika Waa nilipitwa na baiskeli. Aliyekuwa juu yake ni mume wa binamu yangu, akikanyaga kwa nguvu zake zote. Nilimwita. Hakugeuka. Nikasema moyoni, shemeji huyu leo ameniona mwehu, hataki kujulikana nami.

Niliporudi Ngombeni ngoma ilikuwa imelazwa chini. Hakuna aliyepiga kigelegele. Wanawake walikuwa wamejitanda kanga vichwani, na yule mama wa machungwa alinipa maji bila kuniangalia.

"Kulikoni? Nimekuwa wa mwisho?" nikamuuliza.

"La, baba. Endelea tu."

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira zilinipanda. Nilidhani wamenichoka, wanaona nachelewesha chakula chao cha mchana. Kijiji baada ya kijiji ni kimya kile kile, nami kila nikipita nazidisha hatua, niwaoneshe. Ningekuwa na akili siku ile ningeelewa. Nimezaliwa hapa. Najua kwamba kwetu mtu hapewi habari ya msiba akiwa njiani. Huachwa afike kwanza. Mimi mwenyewe nimewahi kuwaficha wengine hivyo hivyo, na nikajiona mwema.

Nilifika kivukoni karibu saa nane, miguu ikitetemeka, kifua kikiwa kizima. Watu walikuwa wachache. Mwenye duka wa Timbwani alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Vitanda nimeshavipeleka," akasema. "Tangu asubuhi. Sikungoja ufike."

Nilimkumbatia na jasho langu lote. "Ahsante, bwana! Kwa hiyo amelala kitandani?"

Aliinamisha kichwa. 

Mdogo wangu alikuwa amefariki saa tatu, sisi tukiwa bado tunasikiliza hotuba. Hospitali haikutaka maiti ikae. Alioshwa, akaswaliwa baada ya adhuhuri, akazikwa. Wanaume wawili walinishika mikono huku na huku wakanipeleka makaburini, nami bado nimevaa kaptura na namba ya karatasi kifuani. Watu walikuwa wameanza kutawanyika. Baba alikuwa amechutama peke yake kando ya kaburi.

"Ni nani aliyesema nisiambiwe?" nikauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia mbele yake.

"Ni mimi."

"Ni mimi niliyemuua, baba, na hukuniacha hata nimtie kaburini!"

Watu wakasema, "Staghafiru, nyamaza." Baba akawainulia mkono waniache. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Walitaka kukwambia, mimi nikawakataza," akasema. "Nikampa shemejiyo baiskeli, nikamwambia pita kila mahali, mtu asifungue kinywa. Yeye ameshakwenda, hatarudi. Wewe nalijua ukisikia utalala pale pale njiani, na ukilala huinuki tena. Mwanangu, leo nimeshuka kaburini mara moja. Mara ya pili nisingeiweza."

Alisogea ili nipate nafasi. Udongo ulikuwa umekwisha kurudishwa wote, na kaburi lilikuwa limepigwa sawasawa na kumwagiwa maji. Nilipiga magoti, nikachota kwa mikono miwili kutoka ardhi ya pembeni, nikaweka juu, nikachota tena. Hapakuwa na haja yoyote, lakini hakuna aliyenizuia, na baba akaanza kunisogezea udongo.