Kichwa cha Baba Kwenye Shuka

Majuzi mjukuu wangu alinionyesha filamu mpya ambayo mji mzima unaisifu. Majumba yanaanguka, watu wanakatwa vichwa, na muziki unapiga kelele tangu mwanzo. Nilisinzia. Filamu iliyonitisha mimi haikuwa na sauti hata kidogo.

Nilikuwa mtoto. Padri wa misheni alituonyesha mchana, darasani Kasongo, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Ndani kulinuka jasho na mafuta ya mawese. Mashine ilianza kunguruma, na kwenye shuka nyeupe akatokea baba yangu, aliyekuwa amepelekwa Kabambare kuchimba barabara. Alikuwa kichwa tu, kikubwa kama mlango, bila shingo wala mikono. Kinywa kilicheza, sauti haikutoka.

Nilikojoa pale pale. Siku zile watu walinong'ona kwamba wazungu wanakamata watu na kuwatia ndani ya makopo. Nilimng'ang'ania mama, aliyeketi kando yangu.

"Mama, baba mwili wake iko wapi?"

"Nyamaza, mutoto. Utamuona akirudi."

Alirudi baada ya wiki moja. Vumbi lilikuwa limemkausha koo. Alifungua kinywa kuniita, sauti haikutoka. Nilimpapasa shingo yote, nikitafuta mahali walipomshonea kichwa. Kisha akatoa mfukoni zawadi aliyopewa na mzungu wa barabara: kopo la nyama.

Mama alilifungua, akala, akalamba vidole. Leo najua ilikuwa nyama ya ng'ombe. Siku ile nilikaa miguuni pa baba, nikivihesabu vidole vyake, kimoja kimoja.