Walimkatia maksai kwa kuwa ni mwanamke, faili likaandika mifugo

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, jua la Itilima bado halijachomoza, lakini Milembe Luhaga yuko shambani tangu kiza, miguu peku, mikono yote miwili imeshika plau. Mbele yake wamefungwa nira moja wanyama wasiofanana hata kidogo: kulia maksai mkubwa mwekundu, kushoto ng'ombe jike mwembamba asiyezaa. Maksai akivuta, jike anababaika. Jike akisimama kuchuma jani, plau inapinda na mfereji unakwenda upande.

"Twende! Twende, mayu!" anamhimiza jike, akimwita mama kwa Kisukuma kama anavyoitwa mwanamke yeyote wa heshima huku.

Barabarani vijana wawili wenye baiskeli wanasimama kutazama. Mmoja anacheka mpaka anashika tumbo. Mtu kufunga jike kwenye plau ni kichekesho tosha, na mtu huyo kuwa mwanamke ni nyongeza. Milembe hageuki.

"Kucheka siyo kitu," anasema anapofika mwisho wa shamba, akifuta jasho kwa upindo wa kanga. "Wanaocheka nawajua. Mimi naogopa wanaonyamaza."

Milembe ana miaka 43, mjane, na kazi yake ni kuwalimia watu mashamba kwa malipo. Katika kijiji chake, ambacho ametuomba tusikitaje, ukisema mwanamke analima watu wanaelewa jembe la mkono, kupanda pamba na kupalilia. Plau na maksai ni vya wanaume. Hakuna aliyeiandika amri hiyo mahali popote, na hakuna asiyeijua.

Mumewe, Masalu, alifariki mwaka 2016. Alimwachia binti wa miaka minane, Precious, plau moja na maksai wawili. Mmoja aliitwa Mkoloni kwa sababu ya kiburi chake. Wa pili aliitwa Dodoma, kwa sababu alifundishwa miaka na miaka kuhamia upande wake wa nira na kila msimu alikuwa na kisingizio kipya, kama serikali na safari yake ya kuhamia Dodoma.

Mwaka wa kwanza wa ujane Milembe alimsubiri shemeji yake aje amlimie. Shemeji alimaliza kwake, akamaliza kwa marafiki, akafika kwa Milembe mwezi Januari, wakati wenzake walishapalilia mara mbili. "Pamba ilitoka fupi kama mchicha," anakumbuka. "Nikasema, ng'ombe ni zangu, plau ni yangu, mikono ninayo. Nasubiri nini?"

Mwaka uliofuata akapiga moyo konde, akafunga nira mwenyewe. Alianza na shamba lake, kisha la mjane mwenzake, kisha la mwalimu aliyehamishiwa pale kutoka Mbeya na hakuwa na habari kwamba kuna kazi ambazo mwanamke hapewi. Kufikia mwaka 2022 alikuwa na wateja kumi na saba. Alitoza shilingi elfu arobaini kwa ekari, bei ileile ya wanaume, na kwa fedha hiyo alimsomesha Precious na kuezeka nyumba ya vyumba viwili kwa bati.

Maneno yalikuwepo. Alisikia kwamba mvua imechelewa kwa sababu yake, na kwamba mwanamke anayepiga fimbo maksai atawapiga fimbo wanaume. Aliyapuuza. Leo anajilaumu kwa hilo, na mwandishi hakuweza kumtoa katika lawama hiyo ingawa alijaribu.

Ilikuwa Novemba 2023, asubuhi kama hii. Alikuwa analima shamba la Mzee Mboje, jirani yake, na mzee mwenyewe alikuwa amekaa pembeni na mkewe wakichambua mbegu za pamba. Vijana watano wakatokea upande wa kijito na mapanga. Wanne hakuwatambua vizuri, nyuso zao zilifunikwa. Wa tano hakujisumbua kujifunika. Alikuwa Masele, mlimaji wa maksai kama yeye, ambaye shamba lake liko hatua chache kutoka kwa Milembe.

Wawili walimshika Milembe mikono. Masele akamwendea Mkoloni na kumkata mishipa ya miguu ya nyuma, mmoja, halafu mwingine. Dodoma aliruka, akavunja nira na kukimbia, na ndiyo maana yu hai na leo anavuta pamoja na jike. Mkoloni alikaa chini kama mbwa. Alijaribu kusimama kwa miguu ya mbele, akaanguka, akajaribu tena.

"Alikuwa ananitazama," anasema Milembe. "Ng'ombe anajua mtu wake. Alikuwa anangoja nimwambie amka."

Alipojirusha kumkinga, ubapa wa panga ulimvunja vidole viwili vya mkono wa kushoto. Hadi leo havikunjiki. Kabla ya kuondoka, Masele alimwinamia na kusema kwa sauti ya kawaida, bila hasira, sauti ya mtu anayeelekeza njia: "Leo utajua kwamba wewe ni mwanamke."

Sentensi hiyo Mzee Mboje aliisikia. Mkewe pia aliisikia. Milembe aliirudia kituo cha polisi neno kwa neno, na askari aliyechukua maelezo akaiandika. Lakini hati ya mashtaka ilipotoka ilikuwa na makosa mawili: kujeruhi mnyama na shambulio. Ile sentensi haikuwemo.

"Niliuliza, mbona alichoniambia hakipo? Wakasema, mama, maneno siyo kosa, kosa ni panga. Nikawaambia panga halikuja lenyewe. Lililetwa na neno."

Watu wengi kijijini, hata wanaomhurumia, hulieleza tukio lile kuwa ni wivu wa kazi tu. Milembe ana jibu moja. Kuna mlimaji mwingine, Maduhu, aliyetoza bei ileile na kuwa na wateja wengi kuliko yeye. "Kama ni wivu wa kazi, mbona ng'ombe za Maduhu ni wazima?"

Sasa tufike pale ambapo kesi yake ilikwenda na maji, na yeye mwenyewe ndiye aliyeifungulia mlango.

Wiki tatu baada ya tukio, Masele akiwa nje kwa dhamana, wazee waliitisha baraza la kijiji. Walimkuta na hatia na kumtoza ng'ombe mmoja. Kwa desturi ya pale ng'ombe wa faini huchinjwa na kuliwa siku hiyohiyo na baraza zima, na maini hupewa aliyekosewa. Akionja, ugomvi umezikwa. Anayeufukua baada ya hapo ndiye mkosaji.

Milembe aliijua desturi hiyo. Aliwahi kuiona ikimaliza ugomvi wa mipaka na matusi. Lakini hii ilikuwa kesi ya serikali yenye namba ya jalada. "Nilifikiri baraza ni la pale na mahakama ni ya kule, haziingiliani. Halafu wazee wamekuletea sahani mikononi, wamekuinamia. Mimi nimeolewa pale, mume hayupo, shamba ni la ukoo wake. Ningeisukuma sahani kwa mdomo gani?"

Akakata kipande kimoja cha ini, akakila.

Aprili 2024 kesi ilipoitwa, Mzee Mboje na mkewe hawakuja. Iliahirishwa mara mbili, na mara zote mbili hawakuja. Mara ya tatu ikafutwa kwa kukosa mashahidi, Masele akarudi nyumbani akiwa amepanda baiskeli ileile aliyojia.

Tulimkuta Mzee Mboje kwake. Hakukana chochote. "Nilisikia alichosema yule kijana. Lilikuwa neno baya sana," alisema. "Lakini nitasimamaje mbele ya hakimu nimseme mtu aliyelipa, wakati mwenye ng'ombe ameshakula? Nitaonekana mimi ndiye mchonganishi." Alipoulizwa kama anadhani Milembe alitendewa haki, aliuliza kama tumeshakunywa chai.

Milembe angeweza kuishia hapo, na wengi huishia hapo. Lakini mjini Bariadi kuna msaidizi wa kisheria aitwaye Valeria, mama wa makamo kutoka Bukoba anayesikiliza watu bila malipo siku mbili kwa wiki. Ni yeye aliyemwambia kwamba shirika moja linaandaa mapendekezo ya sheria dhidi ya uhalifu wa chuki, yaani mtu anaposhambuliwa kwa sababu ya vile alivyo na si kwa jambo alilofanya. Sheria ya namna hiyo ingemlazimu mpelelezi kuuliza sababu na kuiandika.

"Alinishika mkono," anasimulia Valeria. "Akaniuliza, hiyo orodha ya watu wanaochukiwa, sisi tumo?"

Hawakuwemo. Rasimu ilitaja kabila, dini, rangi, ulemavu na mahali mtu anapotoka. Jinsi haikutajwa.

Juni mwaka huu maoni yalikusanywa katika ukumbi mmoja mjini Bariadi, na Milembe akaenda. Alivaa kitenge cha sikukuu na kukaa safu ya nyuma kuanzia saa mbili mpaka saa nane mchana, akishikilia karatasi ambayo Precious alikuwa amemwandikia. Alipewa dakika tatu. Hakuisoma karatasi. Alisimulia kama alivyotusimulia sisi.

Aliyemjibu ni Clement, mwanasheria kutoka Dar es Salaam. Si mtu mbaya, na alimpa pole kwa dhati. Lakini alieleza kwamba wanawake wana sheria nyingine zinazowalinda, na kwamba neno jinsi likiingizwa, kila ugomvi wa mwanamume na mwanamke utageuka kesi ya chuki na polisi watalemewa. "Ni kundi kubwa mno," alisema. "Ni nusu ya nchi."

Milembe alisimama bila kupewa nafasi. "Baba, kama ni kubwa hivyo, mbona hamlioni?"

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti aliagiza hoja iandikwe, kisha wakaenda kula.

Septemba rasimu ya mwisho ilimfikia Valeria kwenye simu. Sababu zilikuwa zilezile tano. Jinsi ilikuwa imewekwa ukurasa wa mwisho kabisa, chini ya kichwa kisemacho masuala ya kujadiliwa baadaye. Mwandishi huyu amehudhuria mikutano ya kutosha kujua kwamba baadaye hiyo haina tarehe.

Valeria alimweleza na jambo jingine, kwa sababu hapendi kumpa mtu matumaini hewa: hata sheria hiyo ingepita kesho na neno hilo likiwemo, isingerudi nyuma kugusa yaliyompata mwaka 2023. Milembe alisema anajua. Alikuwa anamfikiria Precious.

Precious ana miaka kumi na saba na hataki kusikia kazi nyingine. Anafunga nira haraka kuliko mama yake, na Dodoma humfuata bila fimbo. Mwezi uliopita alilima nusu ekari peke yake, mama yake akiwa kliniki kuangaliwa vidole. Milembe aliporudi alikuta mifereji imenyooka kama ya Mkoloni alipokuwa hai. Jirani akamwambia kwamba Masele alisimama muda mrefu pembeni ya shamba, akimtazama binti huyo bila kusema kitu.

Masele hajawahi kumgusa Milembe tena. Kila asubuhi wanapopishana kisimani humsalimia kwa adabu, "Mwangaluka, mayu," na kwa kuwa salamu haikataliwi, Milembe hujibu. Anasema hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za siku yake, ngumu kuliko plau.

"Nimemfundisha mwanangu kusoma mvua. Nimemfundisha kumjua ng'ombe aliyechoka kabla hajalala," anasema. "Sasa namfundisha kuogopa. Ndiyo kazi iliyonibakia."

Kwa hiyo mpango wake ni huu: kumaliza mashamba mawili aliyokwisha kuahidi, kisha Alhamisi kuwapeleka wote wawili mnadani, Dodoma na jike. Plau itakwenda kwa Maduhu. Atamnunulia Precious cherehani, maana cherehani ni kazi ya mwanamke na hakuna wa kumchukia kwa hilo. Tulimuuliza kama anaamini hivyo kweli. "Angalau watachelewa," alisema.

Precious alikuwa karibu akimfungua jike nira. Alimfungua, akaitupa kamba chini na kuondoka.

Kuuza ng'ombe kunahitaji kibali, na saa nne Milembe yuko ofisi ya kijiji. Mtendaji ni kijana anayeitwa Danford, mpole, amehamia hapo mwaka huu. Anajaza fomu taratibu: jina la mwenye mifugo, idadi, rangi, alama. Kisha anafika mstari wa mwisho.

"Sababu ya kuuza?"

"Andika kwamba nauza kwa sababu mimi ni mwanamke."

Danford anatabasamu akidhani ni utani. Anainua macho na kuona kwamba Milembe hatabasamu, wala mwingine yeyote chumbani. Anaitazama fomu, anamtazama tena.

"Mama, hii mnadani watanirudishia."

"Kwa nini?"

"Siyo sababu, mama."

Anaandika: ada ya shule. Precious alimaliza kidato cha nne mwaka jana. Danford anapiga muhuri, anageuza karatasi na kumwonyesha kwa kidole mahali pa kuweka sahihi, na Milembe anachukua kalamu, anasaini.