Mtani wa Nyapara

Wakati wa mashamba makubwa ya karanga, duka la Nachingwea lilikuwa na mlango wa Wazungu, na dirisha la nyuma kwa sisi wengine. Siku moja kibarua aliyechoka kusimama juani akapita mlangoni. Alitolewa kwa mateke. Haikufika adhuhuri, vibarua walikuwa wamefurika barabarani, mawe yanaruka, na vioo vya duka vyote viko chini.

Kesho yake Bwana Mkubwa, Mzungu msimamizi wa mashamba, aliwapanga vibarua mstari kambini, akamwita nyapara wao, Halfani, Mmwera wa Chinongwe.

"Nani alianza?"

Halfani hakujua. Wala hakuwa mtu wa kuuza wenzake, hilo tumpe haki yake. Lakini mbele yake alisimama Eusebio, Mngoni wa Songea, mtani wake. Watani hao hutukanana, hunyang'anyana kuku, na hakuna anayenuna. Mama yake Halfani alipofariki, Eusebio ndiye aliyejilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe mkeka, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi.

Basi ulimi ukamponyoka. "Nani tena kama si huyu Mngoni? Babu zake walituteka sisi, yeye atashindwa na vioo?"

Mstari mzima ukaangua kicheko. "Mateka wangu umeota meno!" Eusebio akajibu. Bwana Mkubwa hakucheka. Askari walimtia Eusebio pingu angali anacheka.

Kusema "Bwana, huu ni utani tu" kulihitaji pumzi moja. Halfani alimtazama yule Mzungu usoni, akaogopa kuonekana amemfanyia mzaha, akaufyata ulimi. Eusebio alichapwa viboko mbele ya kambi nzima, kisha akapelekwa jela.

Jioni ile Zuena, mke wa Halfani, alimwandalia mumewe ugali, naye akausukuma kando. Aliona aibu. Na aibu hiyo haikumwacha, maana kila alipopita kambini watu walimpa kisogo.

Eusebio alipofunguliwa, Halfani alimfuata mbio.

"Mngoni mla panya, umerudi?" alisema. Alitaka atukanwe yeye, mama yake na ukoo wote wa Chinongwe. Alitaka hata kuzabwa kibao.

Eusebio, aliyekuwa rika lake, alisimama wima. Akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili, macho chini, kama vibarua walivyozoea kusimama mbele ya Wazungu.

"Shikamoo, bwana nyapara," akasema.