Noti Iliyofuliwa

Mnunuzi wa noti za kale hapa Igoma aliipapasa ile yangu yenye picha ya Malkia, akaguna. "Imefuliwa hii. Imelegea kama kitambaa. Nani kaiharibu?"

Harufu ya sabuni ya mche ikanijia puani. Nilikuwa msichana mdogo; wavuvi walikuwa wamemtoa baba ziwani, amekufa maji, na bibi akaikuta noti hii mfukoni mwa shati lake. "Ifueni," alisema. "Pesa ya aliyezama haiingii ndani na maji yake." Mama akaisugua, akaianika kambani kando ya shati.

Kesho yake mama akanituma nikanunue unga kwa noti hiyo. Mwenye duka alijua imetoka mfukoni mwa nani. Hakuigusa; akanisukumia kwa ncha ya kisu. "Mrudishie mama yako, mwanangu." Tulilala njaa, na pesa ipo ndani.

"Siichukui, mama," mnunuzi aliniambia, akanisukumia noti kwa ncha ya kalamu.